Kaburi la Babu Yako Liko Ng'ambo

Zubeda,

Nimekataa. Naanza na hilo ili usilitafute katikati ya barua, na ili ulisikie kwangu kabla baba yako mdogo Rajabu hajakueleza kwa namna yake. Babu yako hahamishwi. Atabaki pale alipolala, ng'ambo ya kijito, katika wilaya ambayo siku hizi inaitwa ya watu. Kama kazi yako mpya imesimama juu ya kaburi lake, basi na isimame hivyo hivyo, ikiyumba.

Mama yako ameshakwambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutompa mtu simu yako ndani ya basi. Sina la kuongeza. Barua hii nimeiweka kwenye mkoba wako kwa sababu tangu Jumapili mimi na wewe hatujaweza kuzungumza bila mmoja wetu kuondoka mezani, na mara nyingi anayeondoka ni mimi.

Ulikuwepo Jumapili, lakini uliingia mwishoni. Nataka ujue mwanzo ulivyokuwa. Rajabu alifika na vumbi la safari, akatoa chupa ya asali, akanywa chai yake yote kwanza. Unamjua. Habari mbaya huitangulizia asali.

"Kaka," akasema, "mambo ya mtoto yamekaa vizuri. Bado kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Mzee."

"Mzee amekufa, Rajabu."

"Ndiyo, lakini amezikwa mahali pabaya."

Akaeleza. Yule diwani aliyetaka kiti chako cha mkuu wa gombolola, cha kusimamia kata nzima, kiende kwa mpwa wake amekwenda mpaka kaburini kwa babu yako, amelipiga picha, na sasa anaizungusha simu yake kwa kila mtu. Anasema tume ya ajira ya wilaya imedanganywa. Ilitaka mtoto wa hapa, ikapewa binti ambaye babu yake amezikwa wilaya ya watu. Na wewe utaanza kwa majaribio. Mtu wa majaribio haondolewi kwa kesi, anaondolewa kwa minong'ono.

"Alipozikwa hapakuwa na wilaya ya watu," nikamwambia. "Palikuwa na shamba la mihogo."

"Sasa ipo, Kaka. Na wewe ndiye mkubwa, bila neno lako wazee hawashiki jembe. Tutamjengea kaburi zuri upande wetu, kando ya barabara, la vigae. Kila anayepita na boda ataliona."

"Mzee hakupenda barabara. Alikuwa polisi wa trafiki."

Hapo ndipo ulipoingia na sahani ya mandazi. Ukasema, "Baba, ni mifupa tu." Rajabu akakuangalia kwa furaha, kama mtu aliyepata shahidi. Mimi nikaenda kusimama nje.

Umefika kule kijijini kwa babu yako mara chache, tena ukiwa mdogo. Upande wa nyumba yetu ni mwamba. Ukichimba shimo la choo unavunja sululu. Watu walijenga pale kwa sababu maji hayatuami na upepo unapita, lakini wafu wao waliwavusha kijito, kwenye udongo laini. Ukoo wetu wote uko hivyo, wazima huku na wafu kule. Watu wa ng'ambo wanasema lugha nyingine. Nyumba zao ziko karibu na makaburi yetu, na ng'ombe wao walikuwa wakilishwa upande wetu. Hakuna aliyeona tatizo. Kijito chenyewe wakati wa kiangazi unakivuka bila kuvua viatu.

Kisha wakaja watu wa ramani. Ramani hupenda mito, maana mto umeshajichora, fundi hachoki. Wakasema huku wilaya yenu, kule wilaya yao. Hakuna aliyewauliza wenyeji wanazikana wapi. Watu wetu walipiga vigelegele, na Rajabu alikuwa wa kwanza. Wilaya mpya maana yake ni viti vipya, na kila nyumba iliona kiti kimoja kinakuja upande wake. Kimoja kimekuja upande wetu. Ni hicho unachokwenda kukikalia kesho.

Sikulelewa kwenye habari za "kwenu ni wapi". Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa Kampala, ndani ya kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana kiliiva kama sufuria. Majirani zetu walitoka pande zote za nchi hii. Tulisema Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha mama wa mtu yeyote pale, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukicheka cha mwenzake. Ofisa mmoja alipomuuliza babu yako kabila lake, alisimama wima akajibu, "Afande, mimi hapana iko kabila. Mimi iko namba." Sisi watoto tulilirudia jibu hilo kwa miaka. Wewe mwenyewe ulilijua kabla hujajua kuhesabu. Nashangaa ulilisahau siku ya usaili.

Maana ulitusimulia usaili huo ukicheka. Mwenyekiti alikuuliza jina la babu yako, ukalitaja. Akauliza jina la baba wa babu yako, ukalitaja, nami nilijua ni Rajabu aliyekukaririsha usiku uliotangulia. Kisha akauliza, "Na wewe binti, utaolewa wapi? Tusije tukakufundisha kazi halafu ukaipeleka kwa watu." Ukasema ulimjibu kwamba utaolewa na gombolola, na chumba kizima kikacheka. Mama yako alicheka pia. Mimi niliuliza kama kuna mtu yeyote alikuuliza jinsi ya kusoma bajeti. Ukasema, "Baba, usianze."

Sasa naanza.

Usidhani nalichukia wazo lenyewe, la watu kuongozwa na mtu wa kwao. Nililiamini kuliko wewe. Vita vilipokwisha na serikali mpya ikasema kila kijiji kichague kamati yake, mimi nilikuwa mwandishi kijana na babu yako alikuwa amestaafu na kurudi kule kwao. Nilikwenda kushuhudia. Wagombea wawili walisimama kwenye uwanja wa shule, na watu wakatakiwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Unasimama nyuma ya mtu wako, jirani anakuona, shemeji yako anakuona, na unahesabiwa.

Babu yako hakuvumilia ile mistari. Ilikuwa imepinda, watu wakisogea na kupiga soga. Akatoka alipokuwa, akachukua kijiti, akaanza kutembea katikati. "Nyosha! Wewe mama, rudi nyuma kidogo. Nyosha! Hii iko serikali, hapana iko soko!" Watu wakacheka, lakini wakanyooka. Alipanda na kushuka mpaka mistari yote miwili ikawa kama ya gwaride. Msimamizi akahesabu, akatangaza, watu wakapiga makofi, na babu yako akagundua kwamba alikuwa amesimama katikati muda wote. Hakuhesabiwa popote.

"Mzee, kura yako imepotea," nikamwambia.

"Hapana potea," akasema. "Angalia. Nani naleta mtu kutoka Kampala leo? Hakuna. Watu nachagua mtu ya hapa."

Aliyeshinda alitoka ng'ambo ya kijito. Mstari wake ulikuwa na watu wa lugha zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya "mtu ya hapa" kinywani mwa babu yako, na ndiyo maana niliyoibeba kurudi Kampala.

Kosa nililofanya ni la kikazi, na nakueleza kwa kuwa utaweza kulifanya pia, ingawa wewe si mwandishi. Miaka ilipopita, wilaya zilianza kukatwa. Nilitumwa kwenye moja ya mwanzo, mbali na kwetu. Nilikuta mahema, ngoma, ng'ombe aliyechinjwa, wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi, na mgeni rasmi akisema serikali sasa imewafikia mlangoni. Niliandika mahema, ngoma na ng'ombe. Habari ikatoka ukurasa wa kwanza, nikapongezwa, nikaendelea na mambo mengine. Sikurudi mahema yalipong'olewa. Zubeda, habari ya kweli huanza pale viti vya plastiki vinapopakiwa kwenye lori kurudi vilikokodiwa. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeshapanda gari.

Nilipita pale tena nikiwa na kazi nyingine kabisa, gari likaharibika. Kando ya barabara palikuwa na greda kubwa ya kutengeneza barabara, magurudumu yamezama. Wakati wa kugawana mali, wilaya mpya ilichukua greda, na wilaya ya zamani ikabaki na betri yake na dereva wake. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kurudisha. Mama mmoja alikuwa ameanika mihogo juu ya ile sahani ya chuma ya kusawazishia udongo.

"Mama, mashine hii inafanya kazi?"

"Sana," akasema. "Shika huo muhogo uone ulivyokauka."

Tulicheka wote wawili. Nikamuuliza kituo cha afya kilipo, kwa sababu nilikuwa nimejikata mkono kwenye boneti. Akasema kipo lakini hakina mkunga wala nesi. Wamerudishwa kwao.

"Kwao wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Pale. Penye mabati mekundu."

Ilikuwa karibu kiasi kwamba tungeweza kumsikia mtu akiita. Mkunga alikuwa amefanya kazi pale tangu kituo kijengwe. Wilaya ilipozaliwa, akaambiwa nafasi hiyo ni ya mtoto wa hapa, na mtoto wa hapa hakupatikana. Binti wa yule mama aliposhikwa na uchungu walimfuata mkunga kwa miguu hadi kituo cha wilaya ya zamani, alikohamishiwa. Mlinzi wa langoni akawauliza wanatoka wilaya gani. Wakasema. Akawaambia dawa zimeletwa kwa ajili ya watu wa hapa, warudi kwao, si walisherehekea? Binti alijifungulia barabarani. Mtoto hakuishi. Mama yule alinieleza hayo huku akigeuza vipande vya mihogo, kimoja kimoja, vikauke upande wa pili.

Niliandika aya chache. Zilitoka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro.

Tangu hapo nimesikia wasomi wakieleza kwa nini mambo haya hukwama: fedha huchelewa, watumishi hawatoshi, Kampala imegawa kazi ikabakiza funguo. Yote ni kweli, na utayaona wiki ya kwanza. Lakini lililonikaa mimi ni yule mlinzi. Hakutumwa na mtu kutoka mbali. Alikuwa jirani. Serikali ya mbali hukusahau. Serikali ya karibu inajua jina lako, inajua bibi yako alizaliwa wapi, na ikitaka kukufungia lango inajua ni lango lipi.

Sasa tumzungumzie Bwana Okumu. Najua jina lake hulipendi. Yeye ndiye aliyekaimu kiti unachokwenda kukalia, akaondolewa kwa kuwa nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Jumatatu nilifanya nilichofanya kazini maisha yangu yote: nilipiga simu upande wa pili.

"Wewe ndiye baba wa yule msichana?" akauliza.

"Ndimi."

"Umepiga kunipa pole au kuniomba nimfundishe?"

"Hapana. Nimepiga kujua kilichotokea."

Akacheka vibaya. "Kilichotokea? Nimekaa ofisi ile kabla hata haijapigwa rangi. Asubuhi moja nikaambiwa mimi ni mgeni. Mimi! Nikikaa barazani kwangu naiona bendera ya ofisi ikipandishwa. Siku hizi inapandishwa kichwa chini na hakuna anayejua. Mwambie binti yako asizoee kiti. Na sitamfundisha kitu. Ajifunze kwa babu yake, si ndiye aliyempa kazi?"

Kisha akasema, "Lakini kaburi la Mzee tumelipalilia. Mama yangu hapendi magugu pale." Akakata simu.

Sikusimulii haya ili nimsifie mtu huyo. Ana hasira na ana haki ya kuwa nayo. Nilichoona ni kwamba sisi tunaotaka kumhamisha babu yako kwa sababu ni wetu hatujampalilia, na anayempalilia ni mama wa mtu tuliyemfukuza kwa sababu si wetu. Nilimwambia Rajabu hivyo kwa simu. Akanijibu, "Kaka, hayo ni ya gazetini. Mtoto anataka kula." Rajabu si mtu mbaya. Anakupenda, na angefukua ukoo mzima kwa ajili yako. Ndiyo maana namwogopa.

Jana jioni ulinirushia maneno mbele ya mama yako. "Umekaa Kampala miaka yote ukiandika makosa ya watu wa mbali. Mimi naenda kufanya kazi. Na hata nikikataa, kiti kitakwenda kwa mpwa wa diwani, ambaye hajui hata kuandika barua. Ndicho unachotaka?" Sikujibu kwa sababu nusu ya pili ni kweli, nami huwa sibishani na lililo kweli mpaka nimelilalia. Nimelilalia. Hapana, sitaki mpwa wa diwani. Wewe ni bora kuliko yeye. Hata Okumu anajua, ingawa hatasema. Nilikuona pale chuoni Kyambogo ulipogombana na viongozi wenu wa wanafunzi juu ya ugawaji wa vyumba, ukashinda bila kupiga kelele. Ungekipata kiti hicho kwa kichwa chako kama kungekuwa na mtu wa kukipima. Lakini umekubali kukipata kwa ukoo, na aliyekupa kwa sababu hiyo atakunyang'anya kwa sababu hiyo hiyo. Leo ni kaburi. Ukilihamisha, kesho watauliza mama yako alizaliwa wapi, nawe unajua alizaliwa wapi. Utamhamisha na yeye?

Najua ninachokunyima. Ninaposema hapana, yule diwani anabaki na picha yake, na huenda kabla ya mvua zijazo ukarudi hapa na begi lako. Chumba chako hakitapangishwa. Ukirudi hutasikia nikisema "nilikwambia", ingawa uso wangu utasema, na huo siwezi kuuzuia.

Sikuombi usiende. Nenda. Ila kuna jambo moja nitakalofanya, nalisema sasa ili lisije likakushangaza. Siku nitakaposikia kwamba ofisi yako imemrudisha mkunga, mwalimu au karani yeyote ng'ambo ya kijito kwa sababu ya lugha anayosema mama yake, nitakuja. Sitafikia kwako. Nitafikia kwa watu, nitawauliza, kisha nitakuja mlangoni kwako na daftari langu kama ninavyokwenda kwa wengine. Katika habari hiyo hutaitwa mwanangu. Utaitwa mkuu wa gombolola, na utapewa nafasi ya kujibu.

Kesho sitakuja kituo cha basi. Mama yako atakuja, na yeye analia vizuri kwa niaba ya wote. Ukifika watakupeleka kwa wazee, na mmoja atakuuliza mbele ya watu babu yako amelala wapi. Rajabu atakuwa ameshakukaririsha jibu. Usilitumie. Nyoosha mkono waone, ng'ambo kule, kwa kina Okumu.

Na kuna jambo jingine, maana Rajabu atakuwa amekwambia nusu yake. Alipoona nimekataa katakata, alisema sawa, tutangoja, "wewe mwenyewe siku yako ikifika tutakuweka upande wetu, kando ya barabara, na hilo litatosha kumlinda mtoto." Nikamwambia nimeshaongea na mama yake Okumu. Kuna nafasi karibu na Mzee, na udongo ni laini. Nikifa, mnivushe.

Kwa hiyo utakuwa na makaburi mawili katika wilaya ya watu na kiti kimoja katika ya kwako. Tafuta sababu nyingine ya kukikalia.

Baba yako